Saini yako si mali ya kampuni

Kila ninapokutana na mafundi, wakaguzi wa ubora na wahandisi vijana, swali moja hunijia kwa sura mbalimbali. Kampuni niliyoingia nikiipenda imeharibika. Wakubwa wanataka idadi tu, kazi inalipuliwa, anayesema anaonekana mkorofi. Nibaki nikijitahidi peke yangu, au nami nifuate mkumbo? Wanaouliza hivi si wavivu. Ni wale ambao roho huwauma wakiona kazi mbovu inatoka getini. Wengi wameshapewa majibu mawili, na yote mawili nayakataa. La kwanza: vumilia, ipende kampuni, nayo ipo siku itakukumbuka. La pili: hayo hayakuhusu, fanya kinacholingana na mshahara, jioni rudi kwa wanao.

Msimamo wangu ni huu. Utamaduni wa kampuni haukai kwenye mabango ya ukutani wala kwenye hotuba za mwisho wa mwaka. Unakaa kwenye jambo moja linaloonekana kwa macho: mtu anayeijua kazi akisema "hapa tusimame", je, kazi inasimama? Siku jibu linapokuwa hapana, kampuni imeanza kuoza, hata kama faida inapanda na jengo la makao makuu limepakwa rangi mpya. Na mfanyakazi anayetaka kubaki na fahari ya kazi yake ndani ya kampuni ya namna hiyo ana kitu kimoja cha kushikilia, kidogo lakini ni chake: saini anayoiweka chini ya kazi yake. Hicho akikiachia, hana tena cha kujivunia, hata angekuwa anafika kazini wa kwanza na kutoka wa mwisho.

Nitalieleza hili kwa kupitia Boeing, kwa sababu ni kampuni chache za zama zetu ambazo kuoza kwake kumeandikwa kwa kina kiasi hicho, katika ripoti za uchunguzi, ushahidi bungeni na hati za mahakama. Na inatugusa. Tarehe 10 Machi 2019 ndege ya Ethiopian Airlines, safari namba 302, aina ya Boeing 737 MAX 8, iliondoka Addis Ababa kwenda Nairobi na kuanguka dakika sita baadaye. Wote 157 walikufa, na taifa lililozika watu wengi kuliko yote lilikuwa Kenya, watu 32. Air Tanzania nayo leo inarusha 787 na 737 MAX 9. Ndugu zetu wanapanda angani juu ya kazi ya mikono ya mafundi wasiowajua.

Boeing ya zamani haikuwa kampuni ya malaika, lakini wenye neno la mwisho walijua kusoma mchoro. Ndege ya 747, iliyoruka mara ya kwanza Februari 1969 chini ya mhandisi mkuu Joe Sutter, nusura iifilisi kampuni nzima. Miaka ya 1990, wakati wa kuunda 777, Alan Mulally aliwaketisha meza moja wahandisi, mafundi wa kiwandani na wataalamu wa mashirika ya ndege yaliyokuwa yameagiza, tangu michoro ikiwa kwenye kompyuta. Aliyelileta tatizo mezani alihesabiwa kuwa amefanya kazi yake. Aliyelificha ndiye aliyekuwa na kesi ya kujibu.

Mwaka 1997 Boeing ikainunua McDonnell Douglas kwa dola bilioni 13 hivi. Kwa makaratasi Boeing ndiyo mnunuzi, lakini kwa fikra walionunuliwa ndio walioshinda. Harry Stonecipher, aliyekuwa mkuu wa McDonnell Douglas, akawa rais wa kampuni iliyounganishwa, na mwaka 2003 akawa mtendaji mkuu. Mwaka uliofuata alilieleza gazeti la Chicago Tribune kwamba wanaosema amebadili utamaduni wa Boeing wako sahihi, kwani hilo ndilo lililokuwa kusudio: iendeshwe kama biashara badala ya kuwa kampuni kubwa ya uhandisi. Kauli hiyo inatuondolea ubishi. Mabadiliko hayakutokea kwa bahati mbaya, yalipangwa, yakatangazwa. Wahandisi walishayahisi mapema. Mwaka 2000 waliweka chini kalamu zao na kugoma siku 40. Mwaka 2001 makao makuu yakahamishwa kutoka Seattle kwenda Chicago, zaidi ya kilomita 2,700 kutoka viwandani.

Umbali huo ndio hatua ya kwanza ya kuoza, na haupimwi kwa kilomita tu. Nimeona kiwanda ambacho ofisi ya meneja ilikuwa ghorofa moja juu ya mashine, na bado alikuwa mbali na kazi kuliko mkurugenzi aliyekaa mji mwingine lakini kila juma akishuka kuzungumza na waendesha mashine. Kinachoharibu ni pale anayeamua anapokuwa hawezi tena kuona, kusikia wala kunusa kile anachokiamulia. Hapo hubakiwa na njia moja ya kujua hali: takwimu anazoletewa.

Hatua ya pili ni takwimu hizo, nazo zina tabia zake. Idadi ya ndege zilizokamilika juma hili inahesabika. Gharama kwa kila ndege inahesabika. Ubora hauna safu yake kwenye jedwali mpaka siku unapokosekana, kwa hiyo kila anayetaka kupunguza gharama hukata pale ambapo hakuna atakayelalamika leo. Katika kuunda 787, Boeing iliwakabidhi wabia wa Japani, Italia na kwingineko si utengenezaji tu, bali pia sehemu kubwa ya usanifu wa vipande vizima vya ndege. Mhandisi wake mwenyewe, L. J. Hart-Smith, alikuwa ameshaandika mwaka 2001 akionya kwamba ukiigawa kazi nje kupita kiasi, faida inakwenda na wale uliowapa, nawe unabaki na gharama za kuunganisha na kurekebisha. Hakusikilizwa. Mwaka 2005 kampuni ikauza hata kiwanda chake cha Wichita kinachotengeneza viwiliwili vya 737. Kikawa Spirit AeroSystems. Tarehe 8 Julai 2007 ndege ya kwanza ya 787 ilionyeshwa kwa shangwe mbele ya maelfu ya watu, ikiwa gamba lililoshikiliwa kwa sehemu kwa viungio vya muda. Haikuruka mpaka Desemba 2009. Mteja wa kwanza aliipata Septemba 2011, zaidi ya miaka mitatu baada ya tarehe aliyoahidiwa. Wakati huohuo fedha hazikukosekana: kati ya mwaka 2013 na 2019 kampuni ilitumia zaidi ya dola bilioni 40 kununua hisa zake yenyewe.

Hatua ya tatu ndiyo mbaya zaidi, nami hiyo ndiyo ninayoitazama kwanza nikiingia kwenye kampuni yoyote: habari mbaya inapoanza kuwa na bei kwa anayeileta. Si lazima mtu afukuzwe. Yatosha kuguna kikaoni, kumwambia "wewe kila siku matatizo", kumruka kwenye orodha ya waliopandishwa. Wengine wote wanaona, wanajifunza. Fundi anamwambia msimamizi kwamba kazi imefika nusu. Msimamizi anamwambia meneja kwamba inaelekea kwisha. Meneja anaandika kwamba imekamilika isipokuwa mambo madogomadogo. Hakuna aliyedanganya sana. Kila mmoja amechonga kidogo, na bandu bandu huisha gogo. Huko juu wanapokea taarifa safi kabisa ya kiwanda ambacho hakipo.

Tazama jinsi hayo yanavyokutana mahali padogo. Tarehe 5 Januari 2024, ndege mpya ya Alaska Airlines, 737 MAX 9 yenye abiria 171 na wahudumu na marubani sita, ilikuwa ikipanda kutoka Portland pale kipande kinachoziba tundu la mlango usiotumika kilipochomoka na kuacha shimo ubavuni. Viti viwili vilivyo jirani na shimo vilikuwa vitupu, hakufa mtu. Wachunguzi wa Marekani waligundua kwamba kipande kile kilipaswa kushikiliwa na bolti nne, na bolti hizo hazikuwepo ndege ilipotoka kiwandani. Ilikuwaje? Kiwiliwili kilikuja kutoka Wichita kikiwa na ribiti tano zenye kasoro. Ili zirekebishwe katika kiwanda cha Boeing cha Renton, kipande kile kilifunguliwa. Kikarudishwa bila bolti. Na hakuna aliyeandika popote kwamba kimefunguliwa.

Hapo kwenye kuandika ndipo pa kutazama. Kwa taratibu za kazi hiyo, ukifungua kiungo cha namna ile unafungua pia karatasi: nani kafungua, lini, kwa sababu gani. Karatasi hiyo ndiyo inayomwita mkaguzi aje atazame baada ya kufunga. Karatasi isipokuwepo, mkaguzi haji, kwa sababu kwa mujibu wa kumbukumbu hakuna kilichoguswa. Mafundi wa pamba za ukutani walikuja wakafunika, viti vikafungwa, ndege ikahesabiwa kuwa tayari. Ripoti ya mwisho ya wachunguzi, ya mwaka 2025, haikumtupia lawama fundi mmoja. Ilisema chanzo ni Boeing kushindwa kutoa mafunzo, maelekezo na usimamizi wa kutosha. Katika timu ya milango yenye watu 24, mmoja tu ndiye aliyewahi kufungua kipande cha aina ile, naye alikuwa likizo. Huo ndio utamaduni wa kampuni ukiwa umeshikika mkononi: bolti nne na karatasi moja, havipo.

Hoja ya kwanza ninayoisikia watu wakizungumza haya ni kwamba wafanyakazi wa siku hizi hawana moyo. Vijana wanapenda simu, wazee wanangoja kiinua mgongo. Hoja hii inawafurahisha mameneja kwa sababu inawavua mzigo, lakini imeshajaribiwa na ikashindwa. Kampuni ya General Motors ilikuwa na kiwanda Fremont, California, kilichojulikana kwa utoro, ulevi, migomo na magari mabovu. Ilikifunga mwaka 1982. Mwaka 1984 kilifunguliwa upya kwa ubia na Toyota, kikaitwa NUMMI, na sehemu kubwa ya walioajiriwa walikuwa walewale wa zamani, pamoja na chama chao cha wafanyakazi. Viongozi wa vikundi walipelekwa Japani kujifunza. Waliporudi walipewa kitu ambacho hawakuwahi kuwa nacho: kamba iliyoning'inia juu ya laini, ambayo mfanyakazi yeyote angeivuta akiona kasoro, na kiongozi wake angekuja mbio kumsaidia badala ya kumfokea. Tatizo lisipotatuliwa kwa wakati, laini ilisimama. Magari yaliyotoka pale muda si mrefu yalikaribia ubora wa yale ya Japani, na utoro ulipungua mno. Mikono ilikuwa ileile. Edwards Deming, Mmarekani aliyewafundisha Wajapani udhibiti wa ubora baada ya vita, aliliweka katika hoja ya 12 ya hoja zake 14 kwa viongozi: ondoeni vizuizi vinavyompora mfanyakazi haki ya kujivunia kazi yake. Aliona kwamba watu huja kazini tayari wana hiyo fahari, kisha wakubwa wao ndio wanaowanyang'anya.

Hoja ya pili ni ile ya "sisi hapa ni familia". Mimi huishuku kampuni inayolisema sana neno hilo. Familia haikupunguzi robo ya mwaka ikiwa mbaya. Anayeifunga fahari yake kwenye jina la kampuni ataanguka nalo. Nimewaona watu wazima, mafundi hasa, wakidhoofika mwili kwa sababu kampuni waliyoitumikia ujana wao wote imegeuka kitu wasichokitambua. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na aliyeviunda ni wewe na wenzako, si nembo iliyo kwenye fulana. Chombo kikielea sifa ni yenu. Kampuni imetoa mbao na mshahara. Ukilielewa hilo mapema, unaweza kuihudumia kampuni kwa uaminifu bila kuifanya roho yako.

Kuna kosa jingine ambalo ni la watu wema, kwa hiyo ni gumu kulisema. Ni imani kwamba mtu mmoja mwenye bidii anaweza kuziba pengo la mfumo. Anakagua kazi za wengine usiku, anarekebisha kimyakimya, anabeba vifaa vyake kutoka nyumbani. Kwa muda mambo yanakwenda. Lakini kila pengo analoliziba kimya linamthibitishia meneja kwamba watu waliopunguzwa hawakuhitajika. Bidii yake imekuwa pazia. Kisha anaugua, au anahama, na pazia linaanguka siku moja. Kazi nzuri inayofanywa kwa siri ili kuficha upungufu wa kampuni nailaumu, pamoja na heshima yote niliyonayo kwa wanaoifanya. Rekebisha, ndiyo, lakini iandike, na peleka bili ya saa zako kwa anayehusika, ili aone gharama ya uamuzi wake.

Na wa mwisho ni wale wa bora liende. Kampuni imeoza, basi nami nafunika kombe mwanaharamu apite. Namwelewa anayesema hivyo kuliko anavyodhani, amechoka. Ila ninachokijua kutokana na miaka mingi ya kukagua kazi za watu ni kwamba mkono haujui kutofautisha mwajiri. Aliyezoea kulipua kazi kwa mwajiri mbaya huenda na mkono huohuo kwa mwajiri mzuri, na hata kwenye nyumba anayojijengea mwenyewe. Kuzembea kwa makusudi hakumwadhibu bosi hata kidogo. Anayeadhibiwa ni abiria, mgonjwa, mpangaji, mtoto aliyeketi chini ya paa.

Sasa, saini. Jioni ya tarehe 27 Januari 1986 Allan McDonald, mhandisi wa kampuni ya Morton Thiokol iliyotengeneza roketi za kusukumia chombo cha anga cha Challenger, alikuwa Florida akisubiri urushaji wa kesho yake. Baridi ilikuwa kali kuliko yoyote ambayo chombo kile kiliwahi kurushwa ndani yake, na wenzake huko Utah, Roger Boisjoly akiwa mstari wa mbele, walihofia kwamba mipira ya kuzuia gesi kwenye maungio ya roketi ingekakamaa na kupitisha moto. Kwenye mkutano wa simu walipendekeza isirushwe. NASA ilibisha. Mameneja wa Thiokol wakaomba faragha, na humo ndani mhandisi mkuu aliambiwa avue kofia ya uhandisi avae ya umeneja. Wakarudi na jibu jipya: irushwe. Utaratibu ulitaka saini ya mwakilishi wa kampuni aliyepo uwanjani, yaani McDonald. Akakataa. Bosi wake akaitia saini yeye huko Utah na kuituma kwa faksi. Kesho yake, sekunde 73 baada ya kuruka, chombo kilivunjika angani na wanaanga saba wakafa.

Hapa pana somo ambalo wengi hulipenda nusu tu. McDonald hakuwaokoa wale saba. Fahari ya mtu mmoja haikuwa na nguvu za kuisimamisha kampuni iliyokwisha kuamua, na nisingependa kijana yeyote aondoke hapa akidhani kwamba akikataa, dunia itageuka. Lakini kukataa kwake kuliacha alama ambayo haikuweza kufutika: palikuwa na karatasi, na juu yake jina lililotakiwa halikuwepo. Alipoieleza tume ya uchunguzi yaliyotokea, kampuni ilimshusha cheo. Wabunge wakaingilia kati, akarudishwa, na ndiye aliyepewa kuongoza usanifu mpya wa yale maungio. Vyombo vikaruka tena mwaka 1988. Boisjoly hakuwa na bahati hiyo. Alitengwa na wenzake, afya ikamshinda, akaacha kazi ile. Gharama ipo, na ni kubwa. Anayekuhubiria ujasiri bila kukutajia gharama hakutakii mema.

Ndani ya Boeing nako hawakukosekana. Ed Pierson, ofisa mstaafu wa jeshi la wanamaji la Marekani aliyekuwa meneja mwandamizi katika kiwanda cha 737 cha Renton, alimwandikia mkuu wa mradi Juni 2018 akipendekeza laini isimamishwe, kwa kuwa wafanyakazi walichoka na kazi ilirundikana bila mpangilio. Haikusimamishwa. Akastaafu. Oktoba 29 mwaka huohuo ndege ya Lion Air ilianguka katika bahari ya Java na watu 189. Uchunguzi wa ajali zile mbili za MAX uliweka uzito mkubwa kwenye programu iitwayo MCAS, iliyosukuma chini pua ya ndege kwa kutegemea kipimo kimoja tu, na ambayo haikuelezwa kwenye kitabu cha marubani. Kwa hiyo sisemi kwamba uchovu wa mafundi ndio ulioua. Ninachosema ni kwamba barua ya Pierson iliuliza lile swali langu la mwanzo, na kampuni ikalijibu.

Wengi wetu hatutaunda ndege. Nichukue basi mahali ninapopajua. Katika kiwanda kimoja cha mabati nilichopitia, maabara ya ubora ilikuwa chumba kidogo chenye meza, mizani na maikromita mbili. Chuma huja kwa koili, na aliyezoea kazi hiyo anajua kwamba bamba lililobanwa kwenye roli huwa jembamba kingoni kuliko katikati. Kwa hiyo unapima pande tatu: ukingo huu, katikati, ukingo ule. Siku moja ilifika shehena ambayo katikati ilifaulu kwa shida na kingo zilikuwa chini ya kiwango. Msimamizi wa zamu hakumwagiza mpimaji adanganye. Alimwambia kwa upole, "Mzee wangu, leo pima katikati tu, muda hatuna." Mzee yule alipima pande tatu kama siku zote. Akajaza nafasi zote tatu za fomu, akaandika saa, namba ya koili na kwamba ameelekezwa kupima katikati peke yake, akatia saini. Kisha akanakili vipimo vyake kwenye kaunta buku aliyokuwa akiifungia kwenye droo. Koili ilitumika, mabati yakauzwa. Yeye alipangiwa zamu za usiku kwa kipindi kirefu. Vijana wawili waliokuwa wakijifunza kwake hawakusema neno, ila tangu siku ile fomu zao nazo zilikuwa na vipimo vitatu, na msimamizi hakurudia lile ombi.

Nampenda mzee yule kwa sababu hakufanya ushujaa wowote. Alijua fomu yake inasema nini, akakataa iseme kingine. Ndiyo maana nawashauri vijana waanze hapo: soma maneno yaliyo juu ya mahali unapotia saini. Mara nyingi yanasema "nimekagua" au "nathibitisha", na wewe umekagua nusu. Andika hiyo nusu. "Nimepima katikati pekee, kwa maelekezo ya fulani" ni sentensi fupi, ya adabu, ya kweli, na inahamisha mzigo kwa mwenye uamuzi. Pili, kuwa na kumbukumbu zako za kazi, zenye tarehe, za kile ulichokifanya na kukiona mwenyewe. Simaanishi kuiba nyaraka za kampuni. Hilo litakuponza na litaharibu hoja yako. Na habari mbaya ipelekwe kwa maandishi, ikiwa na kipimo na pendekezo, kwa mtu mwenye mamlaka ya kuamua. Manung'uniko ya kantini hayana anayewajibika kuyajibu.

Kisha tafuta wenzako wa fani nje ya geti. Fundi anayepimwa na bosi wake tu atasahau kazi nzuri inafananaje pale bosi anapoisahau. Mwalimu wako wa VETA, mhandisi uliyesajiliwa naye kwenye bodi, fundi mkongwe wa mtaani ambaye kulehemu kwake hakuvuji: hao ndio kioo. Jambo likifikia kuhatarisha watu, Tanzania ina sheria ya kuwalinda watoa taarifa ya mwaka 2015, na zipo mamlaka za viwango na za usalama kazini. Zitumie ukiwa na ushauri wa mwanasheria au chama chako, si kwa hasira ya siku moja.

Kuondoka je? Ajira zenyewe ziko wapi, na ada za watoto hazingoji. Kwa hiyo simwambii mtu aache kazi kwa sababu kampuni imepoteza mvuto. Mshahara wa halali katika kampuni mbaya bado ni wa halali ikiwa unachokitia saini ni kweli. Mpaka ninaouweka ni huu: wakikutaka uandike uongo juu ya kitu kitakachobeba uhai wa mtu, na wakawa hawakubali hata sentensi yako fupi, anza kutafuta pa kwenda siku hiyohiyo, na usiiandike.

Viongozi nao wana njia, na haipiti kwenye semina. Boeing yenyewe inajaribu kurudi nyuma: mwaka 2024 ilikubali kuinunua tena Spirit AeroSystems kwa dola bilioni 4.7, na mtendaji mkuu mpya, Kelly Ortberg, akaamua kuishi Seattle, karibu na viwanda. Ni mapema kusema kama itafaa, kwa kuwa kuhama nyumba ni rahisi kuliko kumfanya fundi aamini kwamba akiinua mkono hataumia. Imani hiyo hurudi kwa matukio, moja baada ya jingine, mbele ya macho ya wote. Ndiyo maana nikikaa na bodi za wakurugenzi siwaombi ripoti ya maadili. Nawataka wamwite meneja wa kiwanda na kumuuliza mara ya mwisho mtu wa ngazi ya chini aliposimamisha kazi ilikuwa lini, alikuwa nani, laini ilikaa kimya kwa muda gani, na mtu huyo leo yuko kitengo gani. Kisha wateremke wao wenyewe wakamtafute.